Ndege na Windo: Mabata Wawili Wafananao

Katika nchi ya Marekani kuwinda mabata wa mwitu kumeruhusiwa na sheria, lakini si ruhusa ya kupiga kila kirukacho. Kila mwaka serikali hutangaza majira ya kuwinda, na hutaja idadi ya ndege ambao mtu mmoja aweza kuwaua kwa siku. Kila aina ina hesabu yake, na pengine aina fulani hukatazwa kabisa. Kwa hiyo yampasa mwindaji amtambue ndege angali yu angani, maana risasi ikishatoka hairudi.

Ugumu huu waonekana sana kwa mabata wawili. Wa kwanza ana jina la Kiingereza lenye maana ya Mgongo-Turubai, kwa kuwa mgongo wa dume ni mweupe kama turubai. Wa pili huitwa Kichwa-Chekundu. Jina hili la pili hupoteza watu, kwani madume wa aina zote mbili wana vichwa vyekundu na vifua vyeusi.

Zamani Mgongo-Turubai alisifiwa kwa utamu wa nyama yake. Katika karne ya 19 wawindaji wa biashara waliwaua kwa wingi katika ghuba ya Chesapeake, wakawauza katika hoteli za miji mikubwa. Sheria ya mwaka 1918 ilikomesha biashara hiyo. Lakini adui wa pili alibaki, naye ni ukame. Bata huyu hutaga katika vidimbwi vya nchi ya nyasi, huko Kanada na kaskazini ya Marekani. Vidimbwi vikikauka, au wakulima wakivitoa maji wapate kulima, vifaranga hupungua. Kwa sababu ya upungufu, kumwinda kulikatazwa nchi nzima katika majira ya mwaka 2002, na tena mwaka 2008, hali Kichwa-Chekundu aliendelea kuwindwa. Kosa la macho likawa kosa la sheria.

Je, watofautishweje? Rangi si shahidi wa kutegemewa, kwa maana sheria huruhusu kuanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza, na saa hiyo kila ndege ni kivuli cheusi. Yafaa kutazama umbo kwanza. Paji la Mgongo-Turubai hushuka moja kwa moja mpaka kwenye mdomo wake mrefu, kama mteremko wa paa la nyumba. Kichwa-Chekundu ana kichwa cha mviringo, na paji lake limesimama juu ya mdomo mfupi. Tena shingo ya wa kwanza ni ndefu, hata mabawa yake yaonekana kana kwamba yamewekwa nyuma. Uzito wake hufika kama ratili 3. Mwenzake ni mdogo kidogo.

Mwanga ukiongezeka, mgongo na mabawa ya dume wa Mgongo-Turubai hung'aa kwa weupe, bali ya Kichwa-Chekundu ni ya kijivu. Majike ndio wagumu zaidi, kwa kuwa hawana wekundu wa kichwa wala weupe wa mgongo. Kwao umbo la kichwa ndilo la kutegemea.

Serikali haitosheki na neno la mwindaji tu. Ndege aliyeuawa sharti abaki na kichwa au bawa moja lenye manyoya yake wakati anapochukuliwa nyumbani, ili askari wa wanyama aweze kumkagua. Kadhalika kila mwindaji wa miaka 16 na zaidi hununua stempu maalumu. Ilianza mwaka 1934 kwa dola 1, na sasa ni dola 25. Fedha hizo hutumika kununua na kulinda mabwawa na vinamasi ambamo mabata huishi.

Wawindaji wenye uzoefu hushika kanuni moja: ndege asiyejulikana huachwa apite. Mwenye kurudi mikono mitupu amepoteza asubuhi moja tu, na bata aliyepita aweza kurudi mwaka ujao na vifaranga vyake.