Kijana wa kompyuta si mtu wa kubadilisha wino tu

Leo tuongee juu ya mtu ambaye hatumtaji sana: kijana wa kompyuta katika duka, farmasi au depo ya mtaani kwetu.

Zamani kazi yake ilikuwa ndogo. Mashine ya kuchapa ikikwama, aliitwa. Virusi vikiingia, aliitwa. Akimaliza alipewa franka za usafiri, akaenda zake. Leo kijana huyohuyo anashika madeni ya wateja, mishahara, stoki na namba ya siri ya simu ya biashara. Tangu mabenki yafunge milango hapa Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, tunategemea sana M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Mwenye kushika simu na kompyuta ya biashara ameshika biashara yenyewe. Lakini bado tunamlipa na kumsikiliza kama mtu wa wino.

Nitoe mfano. Kuna farmasi moja mjini iliyokuwa ikikopesha dawa. Akina mama waliotoka Masisi na Rutshuru walichukua dawa za watoto, wakalipa kidogo kidogo. Hesabu zote zilikuwa ndani ya kompyuta moja, na neno la siri lilikuwa katika kichwa cha kijana mmoja. Vita ilipofika mjini, umeme ulikatika na kijana akakimbia na watu wake. Aliporudi, mashine ilikuwa imeporwa. Mwenye farmasi akawaomba wateja walipe upya. Mama mmoja alikuwa amekwisha kulipa nusu ya deni, lakini karatasi yake ilipotelea kambini. Nani atamsadiki?

Wengine wanasema kosa ni la kijana. Mimi nakataa. Aliomba mara mbili anunuliwe diski ya kuwekea nakala. Alijibiwa kwamba biashara ni ndogo, pesa iende kwenye dawa. Namwelewa bosi: barabara ni mbaya, taksi ni nyingi, faida ni kidogo. Lakini flashi moja haishindi bei ya hesabu zote za mwaka.

Tena kuna hatari nyingine kubwa kuliko deni. Ndani ya kompyuta zile mna majina ya watu, namba zao za simu, vijiji walikotoka, hata magonjwa yao. Wakati wa vita, orodha kama hiyo ikiangukia mikono mibaya inaweza kuleta msiba. Nchi yetu ina Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023, inayolinda habari za mtu binafsi. Kwa hiyo kijana wa kompyuta awe na haki ya kumwambia bosi wake: hili tusiliandike, hatulihitaji.

Kwa maoni yangu, mambo manne yanawezekana hata kwa duka dogo. Kwanza, kila jioni nakala ya hesabu iwekwe kwenye flashi yenye neno la siri, ilale nyumba nyingine. Pili, maneno ya siri yajulikane na watu wawili, asiyashike mmoja peke yake, maana hata kijana mwema anaweza kuugua, kukimbia au kushawishiwa. Tatu, kila mteja anayelipa apewe karatasi yenye tarehe, kiasi alicholipa na deni lililobaki. Nne, kijana huyu aitwe kwenye kikao bosi anapopanga matumizi, asiitwe tu mashine inapokufa. Na mshahara wake ulingane na mzigo anaobeba.

Ninyi mliokopa au kuweka akiba dukani, msione haya kuuliza: hesabu yangu imeandikwa wapi pengine? Ni haki yenu. Kama una simu, piga picha ya karatasi yako na uitume kwa ndugu aliye mbali.

Nanyi mabosi, leo jioni kabla ya kufunga mlango, mwulizeni kijana wenu swali moja: kesho ukikimbia, nani atafungua mashine hii? Akinyamaza, mjue kazi ya kutengeneza inaanza hapo, wakati mji ungali na utulivu kidogo.