Kabla Hujatuma Mchango wa Gari la Mashindano

Ujumbe wa mchango ukiingia kwenye simu, wengi wetu tunausoma mara mbili. Ni harusi, ni matanga, ni bili ya hospitali, ni karo. Tuseme leo umeingia wa aina nyingine: kijana wa hapa Mkongani, mwaka wa tatu wa uhandisi, yeye na wenzake wa chuo wanaunda gari la mashindano na wanataka kulipeleka Uingereza. Nambari ya kutuma ni ya kapteni wa timu. Tuma chochote.

Msimamo wetu ni huu: changia. Lakini si kwa simu ya mtu mmoja, hata akiwa mtoto wa shangazi yako.

Kwanza, mashindano yenyewe yapo. Formula SAE ilianza Marekani mwaka 1981, na ndugu yake Formula Student ikaanza Uingereza mwaka 1998, siku hizi ikifanyika Silverstone. Wanafunzi wanaunda gari dogo la kiti kimoja, mara nyingi kwa injini ya pikipiki, na kushindania alama 1,000. Watu hudhani ni mbio tu. Sivyo. Katika Formula SAE usanifu una alama 150, hesabu ya gharama ina 100, na kueleza mpango wa biashara mbele ya waamuzi kuna 75. Hizo ni alama 325 gari likiwa bado limesimama. Mbio ndefu kuliko zote, zile za kilomita 22, zina 275.

Yaani mwamuzi atataka kujua kila kipande kimegharimu nini na kwa nini. Timu ambayo haiwezi kumwonyesha muuza machungwa wa Mkongani shilingi 100 yake ilienda wapi, itamweleza nini mwamuzi wa Silverstone?

Na msituambie mambo haya si ya watu wa huku. Wanafunzi wa Makerere walishiriki na vyuo vya nchi nyingine kuunda gari la Vision 200, lililoonyeshwa Turin, Italia, mwaka 2008. Ujuzi ule haukupotea: Novemba 2011 Kiira EV, gari la umeme la viti viwili, liliendeshwa Kampala. Hapa Kenya tuna hadithi ya upande wa pili. Nyayo Pioneer, wazo la mwaka 1986 lililokabidhiwa Chuo Kikuu cha Nairobi, lilizinduliwa Kasarani mwaka 1990 na likatembea. Halikufika sokoni, kwa sababu pesa za kuliunda kwa wingi hazikupatikana.

Kwale tunalijua hilo la pesa. Base Titanium, iliyowasomesha vijana wengi wa kaunti hii kwa ufadhili, ilimaliza uchimbaji Desemba 2024. Mfadhili mkubwa akiondoka, inabaki mifuko midogo mingi: bodaboda, mama wa samaki, mwalimu, jamaa aliyeko Diani hotelini. Ndiyo maana tunasisitiza utaratibu. Mfuko mdogo ukidanganywa mara moja, haufunguki tena, na atakayeumia ni kijana wa mwaka ujao ambaye hakuiba kitu.

Wazee wetu walikuwa na mweria. Leo tunalima kwako, kesho kwangu, na kila mtu anaona nani amekuja na jembe na nani amekaa chini ya mwembe. Mchango wa simu hauna shamba la kutazama. Kuna sms tu. Kwa hiyo timu ifungue akaunti kwa jina la kikundi, yenye Paybill au till, na pesa zisitoke bila watu watatu kukubali, angalau mmoja wao akiwa mzazi. Simu ya mtu binafsi hata haitoshi: salio haliruhusiwi kupita shilingi 500,000, na gari kama hili linameza zaidi. Kila Jumamosi taarifa ya akaunti iwekwe kwenye WhatsApp ya wachangiaji, pamoja na picha za risiti. Wewe nawe, kabla hujakamilisha malipo, soma jina linalotokea. Likitokea jina la mtu, simama, piga simu uulize.

Kuna jambo ambalo timu hupenda kuliacha mwisho, nalo ndilo linaloumiza. Ada ya viza hairudishwi ukinyimwa. Meli kutoka bandari ya Mombasa inachukua wiki nyingi kufika Ulaya, kwa hiyo gari linaondoka mapema, tangi likiwa tupu, huku vijana pengine bado wanangoja viza zao. Gari linaweza kufika bila wenyewe! Tungependa wachangiaji waambiwe hivyo tangu siku ya kwanza, na waambiwe pia safari ikikwama pesa zilizobaki zinarudi kwao au zinangoja mwaka ujao. Liandikwe, lisisemwe tu.

Halafu nani anapanda ndege? Sisi tunaona orodha itoke kabla ya mchango kuanza, kwa kazi ambayo mtu amefanya kwenye karakana. Ikingoja mpaka mwisho, wataenda wale ambao baba zao wanaweza kuongezea tiketi, na yule wa Mkongani aliyechomelea fremu usiku kucha atafuatilia mbio kwenye simu, bando likiisha anaomba hotspot ya jirani. Kwetu sisi hiyo ni dhuluma, hata kama hesabu za akaunti zitakuwa safi.

Basi ujumbe ule ukiingia, mjibu kijana kwa maswali mawili kabla ya pesa: akaunti ni ya jina gani, na orodha ya wasafiri iko wapi. Akikujibu vizuri, tuma, na usambaze kwa wengine.