Mazalia ya Samaki si Mahali pa Kumwaga Kifusi

Mji wa Mwanza umekua kwa kulifuata Ziwa. Kutoka Igogo, kupita Mkuyuni, hadi Butimba na Nyegezi, barabara iendayo Shinyanga inaambaa na Ghuba ya Mwanza, na kati ya barabara hiyo na maji vimejipanga viwanda, maghala, gereji na nyumba za watu. Hakuna mpenda maendeleo atakayevibeza viwanda hivyo, maana vinawapa vijana kazi na vinaliingizia Taifa fedha za kigeni. Hata hivyo, ukweli mmoja hauna budi kusemwa waziwazi. Ule ukanda mwembamba wa maji ya kina kifupi, mafunjo na matete ulio nyuma ya viwanda hivyo si ardhi iliyosahauliwa na wapimaji. Hapo ndipo samaki wanapozaliwa na kukulia.

Sato dume huchimba kiota katika mchanga wa maji ya kina kifupi. Jike hutaga humo, kisha huyachukua mayai kinywani mwake na kuyaatamia mpaka watoto waweze kujitafutia, nao hujificha kandokando katika majani. Kambare huyafuata maji ya mvua katika mbuga zilizofurika. Ningu hupanda mito kwenda kutaga. Hata sangara, ambaye akikomaa hupatikana mbali kilindini, utoto wake huupitisha karibu na ufuko. Kwa hiyo anayefukia kihori kwa kifusi ili apate uwanja wa kuegesha malori asijidai kwamba ameongeza ardhi. Amefunga wodi ya wazazi.

Jambo hili linaeleweka upesi linapohusu viumbe wakubwa. Nyangumi wenye nundu husafiri kutoka bahari baridi za kusini kuja kuzaa katika maji ya joto ya Afrika Mashariki, na kati ya Julai na Novemba huonekana karibu na Zanzibar na Mafia. Hakuna anayebisha kwamba mahali pao pa kuzalia pastahili kulindwa. Aidha, tangu Mwalimu Nyerere alipotoa tamko lake juu ya wanyamapori mjini Arusha, Septemba 1961, Tanzania imejulikana duniani kwa kumtunza tembo na faru. Samaki mdogo wa matete hana pembe wala nundu, wala watalii hawamfuati. Lakini ndiye anayelisha mamilioni ya watu kandokando ya Ziwa.

Historia ya Ziwa lenyewe imekwisha kutoa onyo. Katikati ya karne ya 20, nyavu zilizotegwa katika midomo ya mito ziliwanasa ningu wakiwa njiani kwenda kutaga, na uvuvi wa ningu uliokuwa na neema ukaanguka. Kisha sangara, walioletwa Ziwani katika miaka ya 1950, waliongezeka mno miaka ya 1980, na aina nyingi sana za furu zikatoweka. Mwaka 1997 wanasayansi waliochunguza furu wa sehemu hizi za Mwanza walieleza jambo jingine la kutisha. Furu jike humchagua dume kwa rangi yake. Maji yakijaa uchafu na kupoteza mwanga, jike hawezi tena kuzitambua rangi, na aina zilizokuwa mbali mbali huchanganyika na kufutika. Kumbe maji machafu peke yake, pasipo wavu wala sangara, yanatosha kumaliza kizazi cha samaki.

Ni haki kusema kwamba viwanda si mkosaji wa pekee. Mto Mirongo hupita katikati ya mji ukizoa taka hadi Ziwani. Milima ya mawe imejengwa nyumba hadi kileleni, na kila mvua inayonyesha huteremsha udongo na maji ya vyoo. Uchafu huo hurutubisha vijimea vya kijani, navyo vikifa na kuoza huimaliza hewa iliyomo majini. Lakini kuzisafisha nyumba maelfu kunahitaji miaka na mabilioni ya shilingi, ilhali kiwanda kina bomba linaloonekana, meneja anayejulikana na kibali chenye sahihi. Inafaa kuanzia pale panapowezekana.

Wako wanaodai kwamba masharti makali yatafukuza ajira. Wenye hoja hiyo wakumbuke mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyotumiwa kuvulia. Sheria za mazingira siku hiyo hazikufunga kiwanda hata kimoja. Kilichokosesha watu kazi ni kukosekana kwa imani juu ya maji na samaki wake. Kiwanda cha minofu kinachoharibu mazalia kinakata tawi kilichokalia.

Sheria ipo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Tatizo ni kwamba Ziwa halisimami mahali pamoja. Mwaka 2006 maji yalipungua sana, na Mei 2020 yalipanda kuliko yalivyopata kupanda mwaka 1964. Aliyepima mita zake 60 wakati wa ukame amejijengea ndani ya mazalia. Mita hizo zihesabiwe kutoka alama ya maji ya mwaka 2020, na vigingi vya saruji visimikwe ili kila mtu avione. Aidha, pasitolewe kibali chochote cha kufukia ufuko bila maoni ya maandishi ya wataalamu wa samaki. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, iliyoundwa mwaka 1980, ina kituo chake huko huko Mwanza. Ramani ya mazalia ya Ghuba ibandikwe katika kila ofisi ya kata ya ufukoni.

Hapa ndipo watumishi wa umma wanapopaswa kujihoji. Katika Operesheni Sangara ya mwaka 2018 nyavu haramu za wavuvi zilichomwa moto, kwa sababu nyavu za matundu madogo humaliza samaki wachanga. Ni sawa. Lakini mvuvi wa Mkuyuni akiadhibiwa kwa kuwavua samaki wachanga, huku tajiri akiruhusiwa kulifukia lile eneo lote wanamokulia, mwananchi atajifunza nini juu ya haki? Sheria inayomkamata mwenye mtumbwi na kumpigia saluti mwenye lori haitaheshimiwa na yeyote.

Walimu nao wana kazi kubwa. Shule za ufukoni zina maabara isiyohitaji bajeti. Mwanafunzi akionyeshwa kiota cha sato na watoto wake, hatahitaji askari wa kumkataza kutupa taka atakapokuwa mkubwa. Kisiwa cha Saanane, kilichofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013 mbele ya macho ya mji wenyewe, kinathibitisha kwamba mji na mazalia vinaweza kukaa pamoja penye nia.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ofisa atakayeletewa ombi la kujaza kifusi Mkuyuni aende kwanza ufukoni, ayaangalie matete hayo na awaulize wavuvi kinachozaliwa humo, ndipo aishike kalamu.