Furaha Haingoji Mwisho wa Mazoezi: Rai Juu ya Ufundishaji wa Gitaa

Mwanafunzi anapoacha gitaa baada ya majuma machache, walimu huwa wepesi wa kusema kwamba hakujaliwa kipaji. Rai yangu ni kwamba mara nyingi kosa si la mwanafunzi, bali ni la utaratibu aliofundishiwa.

Hapana shaka kwamba mwanzo wa gitaa ni mgumu. Ncha za vidole huuma mpaka zifanye sugu, na mkono mmoja hubana nyuzi wakati mwingine unapiga. Juu ya taabu hiyo mwalimu humwongezea mwanafunzi ngazi za sauti, apande na kushuka siku nenda siku rudi, bila kusikia wimbo hata mmoja. Akilalamika, huambiwa kuwa mvumilivu hula mbivu. Methali ni ya kweli, lakini mkulima anayengoja mavuno huona mche ukichipua na kuchanua. Mwanafunzi naye hana budi aonyeshwe mche wake.

Historia ya gitaa katika nchi zetu ina mafunzo ya kutosha. Mwaka 1952, katika mji wa Jadotville huko Katanga, ambao leo huitwa Likasi, Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Mwenda Jean Bosco. Mpigaji huyo alitumia kidole gumba na cha shahada tu, na kwa vidole hivyo viwili sauti nzito na nyembamba zilikwenda pamoja. Muziki kamili hauhitaji vitu vingi.

Tutazame pia bendi zetu za dansi, kama Morogoro Jazz aliyoipigia Mbaraka Mwinshehe. Humo magitaa hugawana kazi: solo, rizimu na besi. Mpigaji wa rizimu huweza kurudia mapigo yale yale muda mrefu, wala hachoki, kwa sababu wenzake wanamtegemea na wachezaji wanamfuata. Basi si marudio yanayomchosha mwanafunzi, bali ni marudio yasiyo na kazi.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Kwanza, somo lianze na wimbo ambao mwanafunzi anaujua na kuupenda, unaoweza kusindikizwa kwa mafungu mawili tu ya sauti zinazopigwa pamoja. Pili, zoezi litokane na wimbo huo: vidole vikikwama katika kuhama kutoka fungu moja kwenda jingine, hapo ndipo parudiwe, polepole, kisha wimbo uendelee. Tatu, mazoezi yawe ya dakika 15 kila siku badala ya saa mbili za Jumamosi. Tangu mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus alionyesha, katika utafiti wake juu ya kumbukumbu, kwamba marudio yaliyogawanywa kwa siku kadhaa hufaa kuliko yaliyorundikwa pamoja. Na vidole vichanga navyo hupata nafasi ya kupumzika. Nne, kila juma mwanafunzi apige mbele ya wenzake, nao waimbe.

Watakuwapo watakaosema kwamba kufanya hivyo ni kuwadekeza wanafunzi. Sivyo. Ngazi za sauti na usomaji wa nota havifutwi. Huletwa pale wimbo unapovidai, na mwanafunzi huvipokea kama mtu aliyepewa jembe wakati shamba liko mbele yake. Kumdekeza mtu ni kumwondolea kazi. Hapa kazi imebaki ile ile, ila sasa mwenyewe anajua anaifanyia nini.

Jambo hili ni zito zaidi katika vyuo vya ualimu. Mwalimu mtarajiwa anayekata tamaa haachi gitaa peke yake. Huondoka akiamini kwamba muziki ni wa waliozaliwa nao, na imani hiyo huipeleka darasani, mbele ya watoto ambao hawajapata hata kujaribu. Lakini yule aliyejifunza kwa furaha, hata kama anajua nyimbo tatu tu, ana kitu cha kuwapa.