Boksi haijafa: anayemwambia hivyo mtoto wa kampi ana biashara yake

Eti boksi imekufa. Maneno hayo yanasikika siku hizi kila mahali vijana wanapokusanyika kwenye simu moja: mbele ya ligablo ya kuchajia simu, kwenye kituo cha wamotari, hata katikati ya mahema ya waliokimbia vita. Video ni fupi, haili mega nyingi. Mtu anampiga mwenzake teke la shingo, anamwangukia, anamshindilia makonde akiwa chini, mwamuzi anajitupa katikati, mambo yamekwisha. Halafu kijana mmoja anafunga simu na kutangaza kwamba MMA ndiyo mchezo wa wanaume, boksi ni ya wazee wa enzi ya Mobutu.

Kijana kupenda MMA si kosa. Kosa ni la watu wazima wanaouchukua upendo huo na kuugeuza ahadi: kwamba anayejua kupiga, kukaba na kuangusha atatoka kwenye umaskini, na kwamba boksi haina mkate tena. Mtoto wa Masisi au wa Djugu ambaye vita vimemnyang'anya shule hana miaka mingine ya kupoteza kwa maneno kama hayo.

Tuanze na haki ya MMA, maana inayo. Mashindano ya kwanza ya UFC yalifanyika Denver, Marekani, mwezi wa Novemba 1993, na wakati huo wengi waliyaona kama ugomvi wa mtaani uliolipiwa tiketi. Sheria zikaja baadaye, zikaletwa uzito, raundi, glavu na mambo yaliyokatazwa. Leo raundi ni ya dakika 5, pambano la kawaida ni raundi 3, la ubingwa ni raundi 5. Mtu halazimiki kukaa macho mpaka raundi ya 12 ili ajue nani kashinda. Na zaidi ya hapo, Waafrika walifika juu. Mwezi wa Machi 2021, Kamaru Usman na Israel Adesanya, wote wawili wazaliwa wa Nigeria, pamoja na Francis Ngannou wa Cameroun, walikuwa na mikanda ya UFC kwa wakati mmoja. Hata Kongo iliingia: Dalcha Lungiambula, aliyetoka kwenye judo, akapata mikanda ya EFC huko Afrika Kusini, akapigana UFC kuanzia 2019.

Hadithi ya Ngannou peke yake inatosha kuelewa kwa nini vijana wa hapa wamegeuka. Alizaliwa Batié, akachimba mchanga akiwa bado mtoto, akavuka jangwa la Sahara, akakwama Morocco, akafungiwa Uhispania, akalala nje mjini Paris. Kijana aliyebeba mawe ya koltani Rubaya hahitaji mtu wa kumfafanulia hayo. Anajiona mwenyewe pale.

Ila wanaosimulia hadithi hiyo huikata katikati. Ngannou hakuondoka Cameroun akitafuta kizimba. Alikuwa anatafuta ulingo. Ndoto yake ilikuwa boksi, alikuwa ameanza kuifanyia mazoezi nyumbani, na huko Paris ndiko aliposhauriwa kujaribu MMA. Akakubali, akawa bingwa wa uzito wa juu. Na alipokuwa bingwa alitaka nini? Aruhusiwe kupigana boksi, wapiganaji wapewe bima, wapate mtu wa kuwatetea wakati wa kupanga mikataba. Hakupewa. Januari 2023 akatoka UFC, mkanda akauacha huko. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo akapanda ulingoni Riyadh dhidi ya Tyson Fury, akamwangusha raundi ya 3, akashindwa kwa pointi, majaji wakiwa wamegawanyika. Miezi michache baadaye, Machi 2024, Anthony Joshua akammaliza katika raundi ya 2.

Mambo mawili yako wazi hapo. Mfalme wa kizimba, alipotaka kulipwa kama mfalme, alibisha mlango wa boksi. Na boksi hiyo inayosemwa imekufa ikamwonyesha kwamba ngumi ni elimu ya miaka mingi, haipatikani kwa kuwa na mkono mzito tu.

Kuhusu fedha, wanaowatangazia watoto utajiri wa MMA hawasemi habari za mahakama ya Marekani. Wapiganaji wa zamani wa UFC waliishtaki kampuni hiyo wakidai imeshika soko lote na kuwalipa kidogo. Kesi ilichukua zaidi ya miaka 10, na mwezi wa Februari 2025 jaji akapitisha mapatano ya dola milioni 375. Katika kesi hiyo dunia iliona hesabu: wapiganaji walikuwa wanapata karibu dola moja kati ya kila tano zilizoingia. Mabondia wa Marekani wana sheria tangu mwaka 2000, inayoitwa kwa jina la Muhammad Ali, inayomlazimisha mwandaaji kumfunulia bondia hesabu za pambano lake. Sheria hiyo haikuwagusa wapiganaji wa MMA. Sasa, ikiwa bingwa mwenye mawakili alibanwa hivyo, mtoto wa miaka 16 asiye na hata kitambulisho cha mchaguzi atasaini nini, na nani atamsomea karatasi hiyo?

Boksi nayo isijitakase. Ina mikanda minne mikubwa ya dunia kwa kila uzito, na mabingwa wanaokwepana miaka mitatu mpaka watu wanasahau walikuwa wanasubiri nini. Shirikisho la kimataifa lililokuwa likiisimamia lilivuruga mambo hadi Kamati ya Olimpiki ikaacha kulitambua mwaka 2023. Na inawatumia Wakongomani vibaya pale inapotaka. Martin Bakole, mtoto wa Kasai, alikwenda Los Angeles Agosti 2024 akamsimamisha Jared Anderson, Mmarekani ambaye hakuwa amepoteza hata pambano moja. Kazi kubwa kabisa. Februari 2025 akaitwa kwa haraka aende Riyadh kuziba nafasi ya mgonjwa, akiwa na siku mbili tu. Akasafiri kutoka Kongo, akafika usiku wa kuamkia pambano, Joseph Parker akamwangusha raundi ya 2. Biashara ilikwenda mbele, jina lililochafuka ni la Mkongomani.

Lawama nzito zaidi iko hapa nyumbani. Wakubwa wa boksi ya Kongo wamekaa juu ya mwaka 1974 kama kuku juu ya yai bovu. Kila hotuba ni Ali na Foreman, 30 Oktoba, uwanja wa 20 Mai, raundi ya 8, Ali bomaye. Sawa, yalikuwa mambo makubwa. Lakini dola milioni 10 zilizoahidiwa wageni wale wawili hazikujenga ukumbi wa boksi Goma wala Bunia, na pambano lenyewe lilipigwa alfajiri ili Wamarekani waliangalie jioni yao. Wakati huo huo, ni watoto wangapi wa Kivu wanaojua kwamba Sumbu Kalambay, aliyezaliwa Lubumbashi, alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1987, ila chini ya bendera ya Italia? Wangapi wameambiwa kwamba Ilunga Makabu, kaka yake Bakole, alichukua mkanda wa WBC hapo hapo Kinshasa, 31 Januari 2020? Hiyo si habari ya babu. Mtoto wa miaka 12 alikuwa amekwisha kuzaliwa. Shirikisho linaloficha ushindi wake wa juzi na kuabudu wa miaka 50 iliyopita lisilalamike kwamba vijana wamehama.

Na sasa mawe. Aliyeishi Goma anajua: ukichimba kidogo unagonga jiwe jeusi la volkano. Kwenye jiwe hilo ndiko vijana wanajaribu waliyoyaona kwenye simu. Wanachukuana miguu, wanatupana chini, wanakabana shingo. Kwenye judo, mwanafunzi anafundishwa kwanza kuanguka, juu ya tatami, majuma na majuma kabla ya kumtupa mwenzake. Kwenye kizimba cha kweli kuna sakafu laini, kuna mwamuzi anayeijua dalili ya mtu anayezimia, kuna daktari pembeni. Kukaba shingo kunafunga damu inayokwenda kichwani. Mtu anaweza kuzimia ndani ya sekunde kumi hivi, na asipoachiwa mara moja anaweza asiamke. Mwenzake wa miaka 15 aliyejifunza kwa video ya dakika moja atajuaje wakati wa kuachia? Atajuaje tofauti ya anayejifanya na anayekufa?

Mtu atasema boksi nayo inaumiza. Ndiyo, inaumiza. Ali mwenyewe aliishi miaka zaidi ya 30 na ugonjwa wa Parkinson, na kichwa kinachopigwa mara nyingi hakirudi kama kilivyokuwa. Anayeficha hilo ni mwongo kama yule mwingine. Tofauti iko mahali pengine. Boksi ya mwanzo inaweza kufundishwa miezi mingi bila mtoto kupigwa hata konde moja. Anaruka kamba. Anajifunza kusimama, kupumua, kusogeza mguu wa mbele kabla ya wa nyuma, kunyosha mkono wa kushoto na kuurudisha usoni. Gunia la mchanga na vitambaa linatosha, glavu jozi mbili zinazunguka kati ya watoto ishirini. MMA ya kweli inataka walimu wa ngumi, wa mateke, wa mieleka na wa kukabana, pamoja na sakafu. Nani ataileta hiyo kwenye shule ya msingi ambamo familia nane zinalala darasa moja?

Goma iliwahi kuonyesha njia. Klabu moja ya hapo ilijulikana mpaka ng'ambo kwa sababu mwalimu wake, aliyekuwa mtoto-askari na aliyepoteza jicho, aliwafundisha boksi vijana wengine waliotoka porini. Hakuwaahidi Las Vegas. Aliwapa saa ya asubuhi, jina kwenye daftari, na mtu wa kuuliza kwa nini jana hukuja. Kwa kijana ambaye kundi lenye silaha linamtafuta ili limpe bunduki na chakula, mtu wa kuuliza hivyo ni kitu kikubwa. Simu haiulizi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo vijana wa kiume husahau. Bondia wa Kongo aliyesikika dunia nzima mwaka 2024 alikuwa msichana. Marcelat Sakobi alishindwa pambano lake kwenye Olimpiki ya Paris, na kabla ya kushuka ulingoni akaziba mdomo kwa mkono mmoja na kuweka vidole kama bastola kwenye kichwa, kama walivyofanya Leopards Abidjan mwezi wa Februari mwaka huo. Kamera zote zilikuwa juu yake. Mama aliyelala Bulengo au Lushagala kabla kampi hizo hazijavunjwa alielewa bila mkalimani. Sakobi alifika kwenye jukwaa hilo kwa sababu boksi ni mchezo wa Olimpiki, na itabaki: Machi 2025 Kamati ya Olimpiki ilipiga kura kuiweka kwenye michezo ya Los Angeles 2028. MMA haimo.

Kwa hiyo shirikisho na ligi za majimbo ziache hotuba. Zitume daftari la usajili mahali wahami walipo, ziwape walimu wa mtaani vyeti bila kuwadai franka wasizokuwa nazo, zikubali wasichana siku ile ile na wavulana. Mashirika ya misaada yanayoleta mipira ya miguu kila mwaka yalete pia kamba, glavu na kinga za meno. Havijazi hata nusu ya gari. Na wanaopenda MMA kwa moyo safi watafute kwanza klabu za judo na boksi zilizopo, wafundishe humo, juu ya tatami, mbele ya macho ya wazazi.

Wababa na wamama, siku mtu atakapokuja akisema mtoto wako ana mwili wa MMA na kuna safari, muulizeni mambo haya kabla ya kumpa kiti. Mwalimu ni nani, na alifundishwa wapi? Wanafanyia mazoezi juu ya nini? Mtoto akivunjika mkono, nani analipa hospitali? Karatasi iko kwa lugha gani, na nani mwingine ataisoma kabla haijasainiwa? Fedha ya kiingilio cha watazamaji inakwenda kwa nani? Akianza kukasirika kwenye swali la pili, mwonyesheni njia.