Karatasi ya Kudumisha Sura ya Marehemu

Njia panda ya Sonatubes, Kicukiro, mjini Kigali, ina jina la kiwanda cha mabomba. Hapo ndipo watu waliokuwa wamekimbilia shule ya ufundi ya ETO walipozuiwa tarehe 11 Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, baada ya askari wa Umoja wa Mataifa kuwaacha. Zaidi ya watu 2,000 walipelekwa Nyanza ya Kicukiro wakauawa. Wapo jamaa wa wahanga wa mwaka ule waliobakiwa na picha moja tu ya marehemu, ndogo, nyeusi na nyeupe.

Picha ya namna hiyo yafaa inakiliwe kabla haijafifia. Printa ya wino yatosha kwa kazi hiyo, lakini umri wa nakala hutegemea karatasi na wino.

Kwanza, mnunuzi asivutwe na weupe uliopita kiasi. Aghalabu huo ni weupe wa dawa, na dawa ikiisha nguvu karatasi huonekana ya manjano. Askari polisi aijuaye taa ya kuchunguzia noti anaweza kuipima: karatasi yenye dawa hung'aa buluu chini ya taa hiyo.

Pili, karatasi ya pamba isiyo na asidi, yenye uzito wa gramu 300 hivi kwa mita mraba, ndiyo ya kuwekwa akiba. Isiyong'aa huonyesha uso kwa upole, ila weusi wake si mzito. Atakaye weusi mzito achague ya barita. Ile iliyopakwa plastiki ni rahisi kwa bei, nayo yafaa kwa picha za kutumiana.

Tatu, wino wa pigmenti hustahimili mwanga na hewa kuliko wino wa rangi iliyoyeyushwa. Printa ielekezwe aina ya karatasi iliyomo. Nakala ya kwanza itazamwe dirishani mchana, kisha chini ya taa usiku, kwani kijivu huweza kuegemea ukijani au wekundu.

Mwisho, nakala ikaushwe siku nzima kabla ya kutiwa fremu, isigusane na kioo, wala isitundikwe juani. Picha ya asili isitupwe kamwe. Ihifadhiwe pakavu, ndani ya bahasha isiyo na asidi. Hivyo mjukuu ambaye hakumwona babu yake atapata kumjua kwa sura.