Fundi kakukimbia, au umemkimbiza?

Ijumaa ya leo tumeona tuzungumze jambo ambalo aghalabu halifiki mimbarini, nalo ni ajira ya mafundi wa magari. Huenda ndugu msomaji akajiuliza, sheikh na spana wapi na wapi? Tunamwomba atustahamilie kidogo.

Miezi michache iliyopita, baada ya sala ya Alasiri, alitujia muumini mmoja mwenye gereji hapa Dar es Salaam. Ni mtu mwema, haikosi safu ya mbele, na panapochangwa mkono wake ni mwepesi. Siku hiyo alikuwa na dukuduku. Fundi wake mkuu, kijana aliyemchukua angali spana boi wa kushika tochi na kuosha vyuma, alikuwa ameondoka baada ya miaka sita, na baadhi ya wateja wamemfuata huko alikohamia. Huyo alikuwa wa tatu kuondoka katika muda wa miaka miwili. Mzee wetu alitaka kujua jambo moja tu: je, hiyo si khiyana, na je, hana haki ya kumdai?

Hatukumjibu upesi. Tulimuuliza kwanza walikubaliana ujira kiasi gani. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Sheikh, yule ni kama mwanangu. Nilikuwa nampa kadiri Mungu anavyojaalia."

Neno hili limezoeleka mno katika gereji zetu, na hata katika maduka na mashamba. Hutamkwa kwa mapenzi, na hatuna shaka kwamba mara nyingi mapenzi hayo ni ya kweli. Lakini mwana wa mtu hula nyumbani kwa baba yake, huugua akatibiwa, huoa akaolewa harusi, na baba akifa hurithi. Fundi hana hata moja katika hayo. Akiitwa mwana siku ya kupokea ujira, na akaitwa mfanyakazi siku gari la mteja lilipoharibika, basi amekosa huku na huku.

Wanazuoni wa fiqhi, katika mlango wa ijara, wameweka wazi kwamba ujira sharti ujulikane kabla kazi haijaanza. Wengi wetu tunakijua kisa cha Nabii Musa (A.S.) katika Suratul-Qasas, pale binti wa Madyan alipomshauri baba yake amwajiri, kwa kuwa mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Aya hiyo husomwa sana kwenye mawaidha ya kazi. Inayofuata haisomwi sana. Humo yule mzee anataja muda, miaka minane, na ikiwa Musa atatimiza kumi hilo litakuwa hiari yake, anataja malipo, na anaongeza kwamba hakusudii kumtaabisha. Tuzingatie Musa alikuwa katika hali gani siku hiyo: mkimbizi, hana jamaa katika mji ule, hana pa kulala. Lau angeambiwa atapewa kadiri itakavyojaaliwa, angekubali. Hata hivyo hakuambiwa hivyo.

Tukirejea gerejini, nguvu anayohitaji fundi leo haimo mikononi peke yake. Magari yanayoshushwa bandarini kutoka Japani yana kompyuta zake, na baadhi yana gia boksi za CVT ambazo zikitiwa mafuta ya gia ya aina nyingine huharibika, na kuitengeneza ni mzigo mzito kwa mwenye gari. Kuna haya yanayotumia petroli na umeme pamoja, ambayo betri yake kubwa ina umeme unaoweza kuua mtu asiyejua nyaya za rangi ya machungwa ni za nini. Kwa hiyo mwenye gereji anapotafuta fundi, kumuuliza ametokea kijiji gani au ni mpwa wa nani hakumsaidii kitu. Ampe gari lenye hitilafu anayoijua yeye, kisha amtazame. Yuko anayepima na kuuliza mteja gari lilianzaje kusumbua, na yuko anayeanza kufungua kila kinachofunguka. Wa pili huyu atamaliza vipuri vya watu.

Uaminifu nao una alama zake. Fundi anayemrudishia mteja kipuri kibovu alichokitoa, bila kuombwa, ni wa kushikwa kwa mikono miwili.

Mtu wa namna hii akishapatikana, ni kipi kimfanyacho aondoke? Wenye gereji hudhani ni tamaa ya fedha. Fedha imo, hatukatai. Lakini tulipomwomba mzee wetu atusimulie miezi ya mwisho ya kijana yule, ilidhihiri habari nyingine.

Kulikuwa na gari aina ya Noah lililoletwa kubadilishwa pampu ya maji. Wiki mbili baadaye lilichemsha njiani na silinda hedi ikapinda. Mwenye gari alikuja juu, mzee akalipa gharama, na hapo alifanya vyema. Kisha akaanza kumkata fundi, mwezi baada ya mwezi, hadi deni liishe. Tukamuuliza pampu ile ilinunuliwa na nani. Aliinunua mwenyewe, ile ya bei nafuu, na kijana alikuwa amemwambia kwamba haifai.

Fiqhi yetu ina maneno juu ya jambo hili, na tunasikitika kwamba husomwa darasani yakaishia humo. Wanazuoni wametofautisha baina ya ajiri mushtarak, yaani fundi wa watu wote kama mshonaji au mpaka rangi anayepokea kazi za kila mtu, na ajiri khaas, yaani aliyeajiriwa na mtu mmoja kwa muda maalumu. Juu ya yule wa kwanza wamehitilafiana, wako wanaomdhaminisha kinachoharibika mkononi mwake na wako wasiomdhaminisha. Juu ya wa pili msimamo mashuhuri, na ndio wa madhehebu yetu ya Imam Shafi, ni kwamba mkono wake ni mkono wa amana: halipi chochote ila akikiuka mipaka au akizembea. Mbele ya mteja, gereji ndiyo fundi wa watu wote. Ndani ya gereji, kijana yule ni mwajiriwa wa mtu mmoja. Hasara iliyotokana na pampu aliyoikataa haikuwa yake hata kidogo.

Na wala tusidhani kwamba sheria ya nchi inasema vingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, hairuhusu mwajiri kukata mshahara kwa ajili ya hasara mpaka ithibiti kwamba kosa ni la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, na apewe nafasi ya kujitetea. Na hata hapo makato hayo hayapaswi kuzidi robo ya ujira wake. Mzee wetu alikuwa akikata nusu.

Kuna mtu mwingine katika habari hii ambaye hakuwa gerejini, naye ni mke wa fundi. Wasomaji wetu wa kike wanalijua hili kuliko sisi. Mume anarudi na nguo zimelowa oili, amefanya kazi tangu asubuhi, na akiulizwa fedha ya kesho anajibu kwamba bosi amesema tusubiri. Mtume (S.A.W.) amehimiza mwajiriwa apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Katika nyumba hiyo jasho limekauka, nguo zimefuliwa, na ujira haujaonekana. Hatudhani kuna mke atakayemshauri mumewe abaki hapo pindi jirani akimwahidi tarehe ya malipo.

Hatusemi kwamba mafundi ni malaika. Wako wanaopokea rambirambi ya mwajiri huku wakichomoa plagi nzima za mteja na kumwekea zilizokwisha. Wako wanaotumia saa za mwajiri kutengeneza magari ya pembeni, na hili halina njia ya kulihalalisha, kwani muda wa ajiri khaas umekwisha kununuliwa. Wako wanaochukua fedha ya mwezi ujao kisha wakazima simu. Mwenye gereji aliyepatwa na hayo ana haki ya kudai, na ana haki ya kuwaonya wenzake. Ila kijana yule hakuchukua kitu kisichokuwa chake. Mteja si mbuzi wa kufungwa kamba. Akimfuata fundi aliyemridhisha ametumia hiari yake. Na kwa kuwa hapakuwa na muda waliokubaliana, hakuna muda alioukatisha. Hivyo ndivyo tulivyomjibu mzee wetu, na hakufurahi.

Aliporudi siku ya pili alitaka kujua afanyeje. Tulimwambia yaliyo katika uwezo wetu. Mkataba uandikwe. Pawe na mshahara wa msingi unaojulikana, na akitaka kuongeza sehemu fulani ya malipo ya ufundi kwa kila gari, aitaje tangu mwanzo. Apeleke michango ya NSSF, kwani fundi naye huzeeka na mgongo humwisha mapema. Sheria imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka, azifuate. Na ampeleke fundi wake VETA au kokote akajifunze umeme wa magari mapya. Hapo alishtuka, akasema, "Nikimsomesha si ndiyo ataondoka?" Tukamuuliza watatu walioondoka aliwasomesha wapi.

Wiki iliyofuata alikwenda Mbagala, nyumbani kwa kijana yule, akiwa na bahasha yenye fedha zote za makato ya ile Noah. Kijana alipokea, akamwandalia chai, wakasameheana. Lakini hakurudi, kwani alikwisha kutia saini kwa mwajiri mpya. Alichofanya ni kumwomba amchukue mdogo wake, ambaye ndio kwanza amehitimu ufundi na ana cheti.

Juzi mzee alituletea karatasi ya mkataba wa huyo mdogo mtu tuipitie. Ni kurasa mbili, na mshahara umeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Mahali pa tarehe ya malipo palikuwa patupu. Tukamrudishia akapajaze.